Hadithi za taharuki za hospitali ya wagonjwa wa akili

Hadithi za taharuki za hospitali ya wagonjwa wa akili ni riwaya, tamthilia na filamu ambazo matukio yake makuu hutokea ndani ya hospitali ya magonjwa ya akili, na ambazo humweka msomaji roho juu kwa swali moja: kati ya watu waliomo humo, nani ni mgonjwa, nani ni mzima, na nani amepewa mamlaka ya kuamua? Ziko mpakani mwa hadithi za upelelezi, hadithi za kutisha na hadithi za kitabibu.

Katika hadithi ya kawaida ya upelelezi, mpelelezi ndiye mtu ambaye msomaji anamwamini. Anaweza kudanganywa, lakini macho yake ni mazima. Katika hadithi za kundi hili hata macho hayo hutiliwa shaka: huenda mpelelezi ndiye mgonjwa, huenda daktari ndiye mwuaji, huenda mgonjwa ndiye pekee anayesema kweli. Mifano inayojulikana zaidi ni filamu ya Kijerumani Das Cabinet des Dr. Caligari (1920), riwaya ya Ken Kesey One Flew Over the Cuckoo's Nest (1962), riwaya ya Dennis Lehane Shutter Island (2003) pamoja na filamu iliyotokana nayo (2010), na riwaya ya Alex Michaelides The Silent Patient (2019).

Makala hii inataja miisho ya baadhi ya hadithi hizo, kwa kuwa hadithi ya namna hii haielezeki bila mwisho wake.

Taharuki inatoka wapi

Hospitali ya akili ya zamani ina mengi yanayomfaa mwandishi wa taharuki: ukuta mrefu, milango ya chuma, funguo kiunoni mwa mhudumu, wodi ambayo mgeni haruhusiwi kuingia. Lakini gereza nalo lina hayo yote. Tofauti ni kwamba mfungwa aliyehukumiwa anajua kosa lake na, kwa kawaida, anajua tarehe ya kutoka. Mtu aliyelazwa bila hiari yake hana tarehe. Atatoka siku daktari atakapoandika kwamba amepata nafuu, na ushahidi wa nafuu hiyo ni maneno na mwenendo wake mwenyewe, vitu ambavyo tayari vimeshatiliwa shaka. Akikana kwamba anaumwa, kukana kwenyewe huhesabiwa kuwa dalili. Akikubali, amekiri. Akikasirika, ana fujo. Akinyamaza, amejitenga na watu. Hadithi bora za kundi hili hazihitaji mzimu wala mtu mwenye kisu, maana mtego huo unatosha.

Mtego huo si wa vitabuni peke yake. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani David Rosenhan alichapisha katika jarida la Science ripoti kuhusu watu 8 wazima, akiwemo yeye mwenyewe, ambao walijipeleka katika hospitali 12 wakidai kwamba wanasikia sauti. Baada ya kulazwa waliacha kuigiza, wakaishi wodini kama kawaida yao. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, wafanyakazi hawakuwagundua, ingawa baadhi ya wagonjwa waliwashuku. Walikaa ndani kati ya siku 7 na siku 52, kwa wastani siku 19. Walipoonekana wakiandika yale waliyoyaona, hata kuandika huko kuliingizwa katika kumbukumbu za uuguzi kama tabia ya mgonjwa.

Ripoti hiyo iliitikisa saikiatria ya Marekani kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2019 mwandishi wa habari Susannah Cahalan alitoa kitabu The Great Pretender, akionyesha kwamba maelezo ya Rosenhan hayalingani na rekodi ya hospitali yake mwenyewe, na kwamba wengi wa washirika wake hawakuweza kupatikana. Kwa hiyo utafiti uliotumika kuonyesha jinsi madaktari wanavyodanganyika umeanza wenyewe kushukiwa udanganyifu. Ni mgeuko ambao mtunzi yeyote wa riwaya hizi angeuonea wivu.

Uingereza ya karne ya 19

Mwaka 1845 Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha hadithi fupi The System of Doctor Tarr and Professor Fether. Msafiri anatembelea nyumba ya wendawazimu kusini mwa Ufaransa na kukaribishwa chakula cha jioni na wenyeji wenye vituko. Polepole inafahamika kwamba wagonjwa wamewafungia wauguzi chini ya jengo na kushika nafasi zao. Poe aliiandika kwa mzaha, lakini wazo la mahali palipogeuzwa, ambapo mwenye funguo ndiye anayepaswa kufungiwa, limerudiwa na waandishi wengi baada yake.

Uingereza wakati huo ilikuwa na hofu ya aina nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1845, mtu ambaye ndugu zake waliweza kumlipia katika nyumba ya binafsi alifungiwa kwa agizo la mmoja wa ndugu hao pamoja na hati za madaktari wawili. Kibali cha hakimu kwa wagonjwa wa aina hiyo kiliwekwa na sheria ya mwaka 1890. Katikati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na nafasi kubwa kwa mume aliyemchoka mkewe au ndugu aliyetamani urithi. Mwaka 1858 mwandishi na mwanasiasa Edward Bulwer-Lytton alimfungia mkewe Rosina, waliyekuwa wametengana, baada ya Rosina kumsuta hadharani mbele ya wapiga kura wake. Magazeti yalipiga kelele na Rosina akaachiliwa baada ya wiki chache.

Mwaka uliofuata, 1859, Wilkie Collins alianza kuchapisha The Woman in White sehemu kwa sehemu katika gazeti la Charles Dickens. Humo Sir Percival Glyde anahitaji fedha za mkewe Laura. Yeye na mshirika wake, Count Fosco, wanatumia kufanana kwa sura kati ya Laura na Anne Catherick, mwanamke aliyetoroka katika nyumba ya wendawazimu. Anne anapokufa anazikwa kwa jina la Laura. Laura anapelekwa kufungiwa kwa jina la Anne. Tangu hapo, kila Laura anaposema jina lake halisi anathibitisha wazimu wake, kwani ni nani asiyejua kwamba bibi Laura amekufa? Collins ndiye aliyeonyesha kwamba taharuki hii inaweza kutokana na karatasi: hati ya daktari, cheti cha kifo, sahihi. Charles Reade alifuata mwaka 1863 na Hard Cash, ambamo baba anamfungia mwanawe ili kuficha wizi wa pauni 14,000. Riwaya ya Reade ina makelele zaidi kuliko ya Collins, na leo haisomwi sana.

Nellie Bly

Si hadithi ya kubuni, lakini bila kisa hiki sehemu kubwa ya hadithi za baadaye isingekuwepo. Mwaka 1887 Nellie Bly, mwandishi wa habari kijana wa gazeti la New York World, alikwenda kupanga katika nyumba ya wanawake jijini New York akajifanya amechanganyikiwa. Baada ya kupitishwa mbele ya hakimu na madaktari alipelekwa katika hospitali ya wanawake kwenye kisiwa cha Blackwell. Alipofika huko aliacha kuigiza. Aliandika kwamba kadiri alivyozungumza kwa akili timamu, ndivyo alivyoonekana mgonjwa zaidi. Alikuta chakula kilichooza, bafu za maji baridi, wauguzi waliopiga watu, na wahamiaji ambao kosa lao pekee lilikuwa kutojua Kiingereza, hivyo hawakuweza kumweleza daktari kwamba hawaumwi.

Gazeti lilimtoa baada ya siku 10. Makala zake zilikusanywa katika kitabu Ten Days in a Mad-House, baraza la uchunguzi likaundwa, na bajeti ya hospitali za jiji ikaongezwa.

Mpelelezi anayejiingiza hospitalini kwa hila ni mhusika wa kudumu wa hadithi hizi tangu siku hiyo, lakini watunzi wamemgeuzia mambo: Bly alitoka, wao wanauliza itakuwaje asipotoka. Katika filamu ya Samuel Fuller Shock Corridor (1963), mwandishi wa habari anajifanya mgonjwa ili afichue mauaji na kupata tuzo ya Pulitzer. Anampata mwuaji, lakini yeye mwenyewe anabaki wodini akiwa bubu asiyejisogeza. Katika riwaya ya Mhispania Torcuato Luca de Tena Los renglones torcidos de Dios (1979), iliyotengenezwa filamu na Oriol Paulo mwaka 2022, Alice Gould anaingia hospitalini akisema ni mpelelezi wa binafsi anayechunguza kifo cha mgonjwa. Daktari mkuu anasema ni mgonjwa mwenye akili nyingi na mawazo potofu. Maelezo yote mawili yanafaa kila tukio, na hilo ndilo linalomfanya msomaji asiweke kitabu chini.

Wodi ya Chekhov na kibanda cha Caligari

Anton Chekhov, ambaye alikuwa daktari, alichapisha Wodi namba 6 mwaka 1892. Daktari Ragin wa mji mdogo nchini Urusi ameachia hospitali yake ioze. Siku moja anaanza kuzungumza na Gromov, mgonjwa msomi wa wodi ya wendawazimu, na kugundua kwamba ndiye mtu pekee mjini wa kuongea naye. Wenzake wanayaona mazungumzo hayo kuwa dalili. Ragin anaingizwa katika wodi ile ile kwa ujanja, anapigwa na mlinzi Nikita ambaye kwa miaka aliwapiga wagonjwa mbele ya macho yake, na kufa kesho yake. Haikuandikwa kama hadithi ya taharuki, ila ni wachache waliowahi kuukaza mtego huo kuliko Chekhov. Kichwa chake kilipata mwangwi mwaka 1965, pale Valery Tarsis, mwandishi wa Umoja wa Kisovyeti aliyefungiwa hospitalini kwa sababu ya maandishi yake, alipochapisha nje ya nchi kitabu kiitwacho Wodi namba 7.

Filamu ya Robert Wiene kuhusu Dakta Caligari ilitolewa Ujerumani mwaka 1920 kutokana na hadithi ya Hans Janowitz na Carl Mayer. Kijana Francis anasimulia jinsi Caligari, mwonyeshaji wa maajabu ya sokoni, anavyomtumia Cesare, mtu anayetembea usingizini, kuua watu. Francis anamfuata hadi katika hospitali ya akili na kugundua kwamba Caligari ndiye mkurugenzi wake. Halafu picha inageuka: Francis mwenyewe ni mgonjwa wa hospitali hiyo, na mkurugenzi anasema kwa utulivu kwamba sasa anajua namna ya kumtibu. Kuta zilizopinda na vivuli vilivyochorwa sakafuni vinabaki vilevile, kwa hiyo mtazamaji hajui kama amerudi katika ulimwengu wa kweli au la.

Mgeuko huo umejadiliwa sana. Siegfried Kracauer aliandika mwaka 1947 kwamba watunzi walikusudia kuushambulia utawala uliotuma vijana vitani, na kwamba kumfanya Francis mgonjwa kuliibatilisha maana hiyo. Muswada uliopatikana baadaye ulionyesha kwamba hata watunzi walikuwa wameizungushia hadithi yao masimulizi mengine, ingawa si yale yaliyomo katika filamu. Vyovyote iwavyo, tangu Caligari hadithi hizi zina njia mbili: katika moja taasisi ina hatia na mgonjwa anasema kweli, katika nyingine mgonjwa anajidanganya na taasisi inamsaidia. Waandishi hodari huzichezea zote mbili hadi ukurasa wa mwisho.

Marekani baada ya vita

Alfred Hitchcock aliipeleka mada hii katika sinema ya watu wengi kwa Spellbound (1945), ambamo mkurugenzi mpya wa hospitali anagundulika kuwa si daktari, naye hakumbuki yeye ni nani. Inakumbukwa zaidi kwa ndoto iliyobuniwa na mchoraji Salvador Dalí kuliko kwa saikolojia yake, ambayo ni nyepesi. Uzito zaidi ulikuwa katika The Snake Pit (1946) ya Mary Jane Ward, aliyekuwa amelazwa mwenyewe. Ukurasa wa kwanza unampata Virginia akiwa kwenye benchi bila kujua yuko wapi, na msomaji anajua kiasi kile kile anachojua yeye. Filamu yake ya mwaka 1948, iliyochezwa na Olivia de Havilland, ilizidisha mjadala wa umma kuhusu hali ya hospitali za serikali.

Ken Kesey alifanya kazi ya zamu ya usiku katika hospitali ya wanajeshi wa zamani huko Menlo Park, California, na pia alijitolea kwa malipo katika majaribio ya dawa kama LSD, ambayo baadaye ilijulikana kwamba yaligharimiwa na shirika la ujasusi CIA. Katika riwaya yake, McMurphy, mfungwa mwenye kelele na kicheko, anajifanya mgonjwa ili akwepe kazi ngumu za gereza. Anachelewa kutambua hesabu iliyoelezwa hapo juu: kifungo chake kilikuwa na mwisho, lakini hospitalini hatatoka mpaka Muuguzi Ratched aridhike. Msimulizi ni Bromden, Mwindiana Mwekundu aliyejifanya kiziwi na bubu kwa miaka mingi, na ambaye anaona mashine za ukungu zikifanya kazi wodini. Ukungu haupo, lakini anayoyasema kuhusu wodi ni kweli. McMurphy anapasuliwa ubongo. Bromden anamziba pumzi kwa mto ili asibaki kama mfano wa kutishia wengine, kisha anavunja dirisha na kukimbia.

Filamu ya Miloš Forman (1975) ilipata tuzo zote 5 kuu za Oscar, ikiwemo ya Jack Nicholson na ya Louise Fletcher. Ilimwondolea Bromden usimulizi, jambo ambalo Kesey hakulipenda. Alikuwa na sababu: bila sauti ya Bromden, hadithi inabaki ya mwasi na muuguzi mkali, na shaka kuhusu anayesimulia inatoweka.

Ulaya nayo ilipata Die Physiker, tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt iliyochezwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1962. Wanafizikia 3 wamo hospitalini wakijifanya wendawazimu, mmoja akiwa amejificha ili ugunduzi wake usitumiwe kuangamiza dunia. Hatimaye inajulikana kwamba mwendawazimu halisi ni daktari mwenye hospitali, na nyaraka zote anazo.

Shutter Island

Riwaya ya Dennis Lehane inastahili nafasi zaidi kwa sababu inakusanya karibu kila kitu kilichotangulia. Ni mwaka 1954. Teddy Daniels, askari wa serikali ya shirikisho, anafika na mwenzake Chuck Aule katika hospitali ya Ashecliffe, iliyo kwenye kisiwa nje ya bandari ya Boston na inayotunza wagonjwa waliotenda makosa ya jinai. Mgonjwa Rachel Solando, aliyewaua watoto wake, ametoweka katika chumba kilichofungwa. Dhoruba inakata mawasiliano. Teddy ana sababu yake ya siri ya kuja: anamtafuta Andrew Laeddis, mtu aliyewasha moto uliomwua mkewe Dolores. Tena anashuku kwamba madaktari wanafanya majaribio kwenye ubongo wa watu.

Mwishoni Dakta Cawley anamweleza kwamba Laeddis ni yeye mwenyewe. Mkewe aliwazamisha watoto wao watatu ziwani, naye akamwua mkewe; tangu hapo anaishi ndani ya hadithi aliyojitungia. Upelelezi wote ulikuwa igizo lililoruhusiwa na madaktari ili agonge ukuta wa ukweli, na Chuck ni daktari wake. Majina yalikuwa wazi tangu mwanzo: Edward Daniels na Andrew Laeddis yana herufi 13 zilezile, na vivyo hivyo Rachel Solando na Dolores Chanal.

Mwaka 1954 haukuchaguliwa ovyo. Mreno Egas Moniz alianza upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo mwaka 1935, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Nchini Marekani Walter Freeman aliurahisisha kuanzia mwaka 1946 kwa kupitisha chombo chenye ncha juu ya jicho. Umoja wa Kisovyeti uliupiga marufuku mwaka 1950. Mwaka 1952 madaktari wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walionyesha kwamba klorpromazini hupunguza njozi na mawazo potofu, na dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1954. Cawley yuko kati ya kambi mbili, ya kisu na ya kidonge, na anataka ya tatu: mazungumzo. Igizo lake likishindwa, mgonjwa atakwenda kwenye kisu. Kwa hiyo msomaji anayerudia kitabu huona taharuki nyingine kabisa. Mara ya kwanza anaogopa kwamba madaktari watamkamata Teddy. Mara ya pili anaogopa kwamba hawatafaulu kumwokoa.

Filamu ya Martin Scorsese, iliyochezwa na Leonardo DiCaprio, Mark Ruffalo na Ben Kingsley, iliongeza jambo moja mwishoni. Mgonjwa, akionekana amerudi katika ndoto yake, anauliza swali linalodokeza kwamba amepona, anakumbuka yote, na anachagua upasuaji kuliko kuishi na kumbukumbu hiyo. Watazamaji bado wanabishana kuhusu hilo. Wapo pia wanaoshikilia kwamba Teddy ni askari kweli na hospitali imemvunja akili. Matukio mengi madogo yanawapinga, lakini ubishi wenyewe unaonyesha jinsi mtego ulivyofumwa: ushahidi wote kwamba anaumwa unatoka kwa watu waliomfungia.

Mtibabu chini ya shaka

Thomas Harris, katika The Silence of the Lambs (1988), aliweka hatari yote katika mtu mmoja: Hannibal Lecter, daktari wa magonjwa ya akili na mwuaji, anayewasoma wageni wake kupitia kizuizi cha chumba chake. Mkuu wa hospitali, Chilton, ana funguo lakini hana uelewa. Katika The Silent Patient ya Alex Michaelides, mchoraji Alicia Berenson amempiga mumewe risasi na hajasema neno tangu siku hiyo. Theo Faber, mtibabu wa saikolojia, anajitafutia kazi katika hospitali anakotunzwa jijini London, akisema anataka kumsaidia. Msomaji humwamini Theo kwa kuwa ndiye daktari na ndiye msimulizi. Kosa liko hapo hapo. Michaelides aliwahi kufanya kazi katika kituo cha vijana wenye matatizo ya akili.

Lawama

Madaktari, wauguzi na wagonjwa wenyewe wana malalamiko juu ya hadithi hizi, na mengi yana msingi. Kwanza ni sura ya mgonjwa mwenye kuua. Watu wengi wenye magonjwa ya akili hawamdhuru mtu, na wana uwezekano mkubwa zaidi wa kudhuriwa kuliko kudhuru. Hadithi ya taharuki inahitaji mwuaji, na kwa kuwa iko hospitalini humtafuta kati ya wagonjwa. Pili ni kuchanganya magonjwa: mhusika huitwa mwenye skizofrenia huku akionyeshwa ana nafsi mbili, jambo ambalo si skizofrenia.

Tatu, na pengine lenye madhara zaidi, ni tiba ya umeme. Katika filamu ya Forman inatolewa kwa McMurphy akiwa macho, kama adhabu. Matumizi ya namna hiyo yalikuwepo. Lakini leo, inapotolewa inavyostahili, mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, na ni kati ya tiba zenye nguvu kwa sonona kali. Mgonjwa anayeikataa kwa sababu ya sinema aliyoiona utotoni analipa gharama ambayo mtunzi hakuifikiria.

Upande wa pili, Collins, Bly na Ward waliandika yale ambayo waliofungiwa hawakuweza kuyasema na kuaminiwa. Lawama dhidi ya Caligari haziwahusu wao kwa kiasi kilekile.

Afrika

Afrika ya Mashariki ina hospitali ambazo majina yake yamegeuka misemo. Kusema mtu apelekwe Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, au Mathari ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, au Kidongo Chekundu ya Unguja, ni kumwambia kwamba maneno yake hayahesabiki. Utani huo unafanya kwa sentensi moja kile ambacho Count Fosco alihitaji riwaya nzima kukifanya. Mirembe ina pia kitengo cha Isanga kwa wagonjwa waliotenda makosa ya jinai, lakini riwaya pendwa za Kiswahili, kuanzia za Bwana Msa hadi za Willy Gamba na Joram Kiango, zimependa zaidi mizimu, urithi, majambazi na majasusi.

Historia yenyewe haikukosa taharuki. Mwaka uleule wa 1954 ambamo Lehane aliweka kisa chake, J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza Mathari, aliiandikia serikali ya kikoloni ya Kenya ripoti The Psychology of Mau Mau, iliyoeleza uasi kama tatizo la akili za waasi kuliko suala la ardhi yao. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari katika hospitali ya Blida nchini Algeria kuanzia mwaka 1953, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1961, Les Damnés de la terre.

Riwaya ya Kiafrika iliyoingia ndani zaidi ni A Question of Power (1973) ya Bessie Head. Mwandishi alizaliwa mwaka 1937 katika hospitali ya akili huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ambamo mama yake, Mzungu, alikuwa amefungiwa. Mhusika wake Elizabeth, mkimbizi nchini Botswana, anasumbuliwa usiku na watu wawili ambao msomaji hawezi kusema mara moja kama wapo. Analazwa, anatoka, anaendelea kulima bustani ya mboga kijijini. Hakuna mgeuko wa mwisho. Hofu ya kitabu hiki ni kwamba aliambiwa tangu utotoni, na mwalimu mkuu wa shule, kwamba mama yake alikuwa mwendawazimu na yeye aangaliwe asije akawa hivyo.

Majengo

Filamu ya Shutter Island ilipigwa kwa sehemu katika hospitali ya Medfield, Massachusetts, iliyokuwa imeshafungwa. Ile ya Forman ilipigwa katika hospitali ya jimbo la Oregon, mjini Salem, wakati bado ina wagonjwa; baadhi yao walifanya kazi na watengenezaji, na mkuu wa hospitali, Dean Brooks, aliigiza daktari anayemhoji McMurphy. Hospitali hiyo inaendelea kutibu watu, na sehemu ya jengo lake la zamani ni makumbusho.